Nani Anapasua Mbao Saa Nane Usiku?

Kilichobaki kwa Simba kilikuwa mnyororo.

Simba ni mbwa. Nusu ya mbwa wa nchi hii wanaitwa Simba, hata wale wanaokimbizwa na kuku. Huyu wa shangazi yangu alikuwa wa kahawia, sikio moja limeraruka, mkali kwa watu wa mikopo ya kausha damu na mpole kwa binadamu wengine wote. Usiku alifungwa kwenye mparachichi nyuma ya jiko. Asubuhi moja ya Aprili shangazi alitoka kuwasha moto, akaukuta mnyororo umenyooka chini kuelekea migombani, na mwisho wake ile kola niliyoishona mwenyewe kutoka kwenye mkanda wangu wa zamani. Kola haikukatika. Ilikuwa imefungwa vilevile, tundu la tatu, ila shingo haimo.

Akanipigia. Mimi niko Uyole, Mbeya, nafundisha biolojia sekondari, na saa hiyo nilikuwa nakunywa chai huku nasahihisha madaftari.

"Baba, Simba kachukuliwa."

"Na nani, shangazi?"

"Na chui."

Nikacheka. Kicheko kidogo tu cha puani, lakini simu za siku hizi zinasikia kila kitu.

"Shangazi, chui huko waliisha zamani. Huyo ni fisi, au mbwa wenzake wamemtorosha."

Akanyamaza kidogo. "Haya, baba," akasema, halafu akauliza habari za watoto.

Ni ile "haya, baba" iliyonikosesha raha wiki sita.

Mkono uliopanda ukashuka

Siku chache baadaye nilikuwa kidato cha pili, mada ni mnyororo wa chakula. (Ndiyo, mnyororo. Nami niliona.) Kitabu kinatoa mfano wa nyasi, panzi, chura na nyoka, lakini mimi hupenda kuchora msitu wetu wa Rungwe: miti chini, nyani aitwaye kipunji na perere katikati, na juu kabisa mahali patupu.

"Hapo juu ni nani, mwalimu?"

"Zamani alikuwa chui. Sasa hayupo. Tai anajitahidi."

Darasa likacheka. Nyuma, dirishani, binti mmoja ambaye kwao ni juu, upande wa Kitulo, alinyoosha mkono. Nilipogeuka kumwangalia, akaushusha na kujifanya anakuna kichwa.

Kengele ilipolia nikamwita. Ulitaka kusema nini?

"Hakuna kitu, mwalimu."

Nikasubiri. Walimu tunajua kusubiri.

"Baba alituambia tusiseme," akasema, akachukua daftari lake akaenda.

Jioni ile nilijiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza kabla ya kumcheka mama mzima: hili la kwamba chui waliisha Rungwe, nililisoma wapi? Nikapekua kichwa. Nikapekua madaftari ya chuo, yale niliyoyahifadhi kwenye begi chini ya kitanda kana kwamba kuna siku nitaulizwa. Hakuna ukurasa. Nililipata kwa marehemu baba, aliyekuwa akilisema anapotutuma kuni msituni tukiwa wadogo. "Nendeni tu, chui waliisha zamani." Leo nina watoto wangu, na naelewa kwa nini mzazi husema maneno kama hayo.

Kwa hiyo ushahidi wangu wote ulikuwa maneno ya baba aliyetaka kuni.

Kiberiti

Jumamosi nikapanda kosta ya Tukuyu, nikashuka njiani, nikamalizia na bodaboda. Kijiji sikitaji, sababu utaiona. Niseme tu kiko upande wa Bujingijila, pale msitu wa Mlima Rungwe na ule wa Livingstone unaoingia Hifadhi ya Kitulo inapokaribia kushikana, katikati yakiwa mashamba na ukanda wa miti ambayo watu wa uhifadhi wamekuwa wakiipanda ili wanyama wapate njia ya kuvuka. Hilo la njia nililijua. Sikuwahi kujiuliza ni nani hasa anavuka.

Shangazi hakunilaumu. Alinipa viazi vya kuchemsha na maharage, akanionyesha mnyororo, akanionyesha migomba. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na chini hapakuwa na kitu cha kusoma. Lakini mbele kidogo, pale mfereji unapopita chini ya jani la mgomba lililoinama kama mwavuli, palikuwa na wayo mmoja.

Mmoja tu.

Nilichuchumaa. Vidole vinne. Hakuna alama ya kucha. Nyuma ya kitanga, mikunjo mitatu, au miwili na kivuli, kwa sababu maji yalikuwa yameanza kula ukingo. Wanafunzi wangu wanalijua hili: mbwa na fisi hutembea na kucha nje, na wayo wao huonyesha, jamii ya paka huzikunja, isipokuwa duma. Kitanga cha paka huwa na mikunjo mitatu nyuma. Nikatoa kiberiti mfukoni nikakilaza pembeni, nikapiga picha. Upana wa wayo, ukiupima kwa urefu wa kiberiti, ulikuwa kiberiti kizima na nusu yake.

Mondo hafikishi hapo. Mondo ndiye niliyekuwa nimemtegemea, maana nyanda zetu za juu wapo, wana madoa, wana miguu mirefu, na ukimwona mmoja alfajiri kwenye ukungu unaweza kuapa mbele ya kadhi kwamba umeona chui. Lakini mondo ni mnyama wa panya na ndege. Hambebi mbwa wa kilo ishirini.

Kwa upande wa pili, tope hudanganya. Wayo ukikaa siku mbili kwenye tope laini unatanuka. Kucha zinaweza kufutika. Na mbwa jirani mkubwa yupo, nilimwona, amelala juu ya gunia la mbolea kama mwenyekiti wa kijiji.

Picha nilimtumia rafiki tuliyesoma naye, sasa yuko kwenye kazi za wanyamapori. Akajibu kwa maneno mawili: "Yawezekana. Mvua." Nilimkasirikia. Baadaye nikaona kwamba lilikuwa jibu la heshima kuliko langu.

Msumeno

Usiku ule tukiwa jikoni, moshi unatutoa machozi, shangazi akasema jambo kama mtu anayezungumzia bei ya viazi.

"Tena huko bondeni kuna watu wanapasua mbao usiku."

"Kwa mashine?"

"Mashine ningesema mashine. Kwa mkono. Kraa, kraa, kraa, halafu kimya. Nani anapasua mbao saa nane usiku, tena kwenye mvua?"

Marehemu mume wake alikuwa mpasua mbao. Miaka ishirini na zaidi alisimama juu ya gogo na mwenzake akasimama shimoni, msumeno unapanda na kushuka katikati yao. Shangazi aliwapelekea uji. Sauti ya msumeno anaijua kama wewe unavyoijua sauti ya mlango wa kwenu.

Niliweka kikombe chini.

Kila kitabu cha wanyama wa Afrika nilichowahi kufungua, kikifika kwenye sauti ya chui, kinatumia mfano mmoja: msumeno wa mkono kwenye mbao ngumu. Chui hangurumi kama simba. Anakwaruza, pumzi ikitoka na pumzi ikiingia, mara kumi na zaidi, halafu ananyamaza. Shangazi hajawahi kufungua kitabu hicho. Na angetaka kunidanganya ili nimwamini kuhusu mbwa, angesema amesikia chui akinguruma, kama inavyosemwa kwenye hadithi. Yeye alikuwa analalamikia wapasua mbao.

Hapo ndipo nilipogeuka. Niligeuka kweli, nikasikia baridi mgongoni, na kwa dakika kama kumi nilikuwa mtu anayeamini kwamba chui yupo mita mia tatu kutoka alipokaa.

Halafu nikakumbuka kwamba wapasua mbao wa wizi wapo. Na wanaoogopa kukamatwa ndio hasa wanaoacha mashine nyumbani na kutumia msumeno wa mkono, usiku, tena kwenye mvua ili walinzi wa msitu wasisikie.

Kwa hiyo nikabaki na sauti inayoweza kuwa chui anayefanana na msumeno, au msumeno.

Zulia

Wiki zilizofuata nilikesha nikisoma. Mke wangu alisema nimekuwa kama mtu aliyepata mchumba mtandaoni.

Nilichogundua ni kwamba ugomvi wangu na shangazi umeenea dunia nzima. Uingereza, ambako chui mwitu hawapo, watu wa Cornwall miaka ya themanini na tisini waliapa kuna paka mkubwa mweusi kwenye nyika ya Bodmin anayekula kondoo wao. Mwaka 1995 serikali ikatuma wachunguzi. Ripoti ikasema ushahidi wa kuthibitisha haukupatikana, ingawa haiwezekani kuthibitisha kwamba mnyama hayupo. Haikupita hata mwezi, kijana mmoja akaokota fuvu mtoni Fowey. Likapelekwa kwenye makumbusho makubwa ya London. Wataalamu wakasema: ni la chui kweli! Kisha wakalitazama vizuri, wakakuta ndani yake kifuko cha mayai ya mende wa nchi za joto, na alama za kisu mfupani. Chui yule alikufa nchi za mbali na kuingia Uingereza akiwa zulia, kichwa kikiwa bado kimeshikamana na ngozi.

Nilicheka peke yangu sebuleni saa saba usiku. Hiyo ndiyo hofu yangu yote kwa ufupi. Fuvu la kweli, chui wa kweli, na bado jibu ni hapana.

Lakini soma na hii. Machi 2011, idara ya wanyamapori ya Marekani ilitangaza kwamba puma, paka mwitu mkubwa wa huko, upande wa mashariki ya nchi hiyo ametoweka. Juni mwaka huohuo gari likamgonga puma dume barabarani Connecticut, hukohuko mashariki, siku chache baada ya wakazi wa mji mmoja wa karibu kusema wamemwona. Vinasaba vikaonyesha ametoka Black Hills, South Dakota, safari ya zaidi ya kilomita 2,400. Ofisi haikuwa imekosea, maana huyu hakuwa wa ukoo ule uliotoweka. Wakazi nao hawakukosea. Madume vijana wa jamii hii hufanya hivyo: wakikua wanaondoka kutafuta eneo lao, wanavuka barabara, mashamba na mito, wanapita nyuma ya majiko ya watu.

Nikafungua ramani. Chui wa Ruaha na wa Udzungwa hawana ubishi, watalii wanawapiga picha. Kutoka Ruaha hadi kwa shangazi, ukikatiza Usangu, kuna mpunga, ng'ombe, barabara kuu na reli. Ni mbali. Ila hizo si kilomita 2,400.

Na Gabon, kwenye nyanda za Batéké, simba walihesabiwa wameisha tangu miaka ya tisini, mpaka mwaka 2015 kamera iliyotegwa msituni ilipomnasa dume mmoja akipita zake. Mmoja, kama wayo wangu.

Mnyama wa hadithi

Sikupaswa hata kwenda Gabon. Jibu lilikuwa kwenye mchoro wangu ubaoni, katikati, pale ninapomweka kipunji.

Mwaka 2003 watafiti waliokuwa Rungwe walisikia kwa wawindaji habari za nyani mwenye aibu anayeishi juu mitini, anayeitwa kipunji. Wakasita. Sisi huku tuna wanyama wa msituni na tuna wanyama wa masimulizi, na wageni walishaanza kujifunza kwamba mzee anaweza kukusimulia wote wawili kwa sauti ileile. Mwishoni mwa mwaka huo wakamwona vizuri. Mwaka uliofuata watafiti wengine, bila kujua, wakamwona Ndundulu kule Udzungwa. Alitangazwa rasmi 2005, na 2006, baada ya mmoja kunasa kwenye mtego wa mkulima na kuchunguzwa mwili na vinasaba, ikaonekana anastahili jenasi yake mwenyewe, ya kwanza kwa nyani wa Afrika baada ya miaka 83. Hesabu iliyofuata ilipata wanyama 1,117, Rungwe, Livingstone na Ndundulu kwa pamoja.

Mwanafunzi wangu yeyote anaweza kukutajia hayo. Yako kwenye mabango.

Ila fikiria bibi yangu. Alifariki kabla ya 2003. Alipokuwa hai, kipunji alikuwa kitu anachokisema bibi. Bibi hakuwa na ujuzi zaidi wala pungufu kuliko shangazi. Tofauti ni kwamba kipunji anakaa mchana mtini, kwa makundi, anapiga kelele, na hana bei. Chui ni wa usiku, ni mmoja, anajificha, na bei anayo.

Kuna ile methali ya lisemwalo lipo. Mimi mwalimu wa sayansi siipendi, inatumika sana kwenye umbea. Nilianza kufikiria kinyume chake: lisilosemwa je?

Wasiotaja

Watu wa Njombe wanaijua hii kuliko mimi. Kati ya 1932 na 1947 simba walikula watu Ubena kwa kiwango kilichoifanya Njombe itajwe hadi leo popote wanapozungumzia simba wala watu. Idadi inayotajwa ni watu 1,500, naipokea kwa tahadhari. Bwana nyama Mwingereza, George Rushby, aliyetumwa kuwawinda, alikuta tatizo la ajabu kuliko simba wenyewe: watu hawakutaka kuwataja. Iliaminika kwamba simba wale ni wa mganga, na ukimtaja simba umemwita. Ndugu kaliwa jana, leo mtu anasema hajui kitu. Rushby mwenyewe alieleza chanzo kwa namna nyingine, kwamba serikali ilikuwa imeua wanyama pori wa eneo lile kuzuia sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, isiende kusini, simba wakakosa chakula. Yeye na watu wake waliwaua simba kumi na watano, na mauaji yakakoma. Lakini lile la kutotaja ndilo lililonikaa.

Unguja napo. Chui wao, mdogo kuliko wa bara, alipewa jina la kisayansi 1932 kutokana na ngozi. Watu waliamini wapo wanaofuga chui kwa uchawi na kuwatuma kuumiza wenzao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaja kampeni ya kufagia wachawi na chui wao pamoja, mganga Kitanzi akiwa mbele, na chui wakauawa mpaka wanasayansi wa miaka ya tisini hawakuwa na matumaini. Wenyeji wameendelea kusema wanamwona. Mwaka 2018 kamera ya kipindi cha televisheni cha Marekani ilinasa kivuli cha mnyama usiku, na ubishi ukaanza upya. Nani wa kuulizwa? Anayesema "namjua chui alipo" anakaribia kukiri kwamba ni wake.

Ndipo nikamrudia yule binti na baba yake aliyesema tusiseme.

Mnyama aliyekwisha na mnyama ambaye watu wameacha kumtaja, ukikaa Uyole unasahihisha madaftari, hawana tofauti.

Kinyozi

Nilipata somo langu kwa vitendo. Siku moja kwa kinyozi, wembe uko shingoni, nikajisahau nikasimulia. Wayo, msumeno, kola tundu la tatu. Watu wakasikiliza, na nakiri nilifurahia kusikilizwa. Kijana mmoja aliyekuwa kwenye benchi akauliza ni kijiji gani. Nikataka kujibu. Kisha akauliza la pili, taratibu kabisa:

"Ngozi yake siku hizi inafika kiasi gani, mwalimu?"

Nikasema ni stori tu, labda ni fisi.

Nimetoka pale kichwa nusu kimenyolewa upande mmoja vizuri kuliko mwingine, na nimeshakuwa kama baba wa yule binti. Ilinichukua dakika moja.

Nilifikiria kutoa taarifa rasmi. Kuna kifuta jasho kwa mifugo iliyoliwa na kifuta machozi kwa binadamu, lakini sijui dirisha la kumfutia mtu machozi ya mbwa. Na nikitoa taarifa, itakuja nini kwanza, kamera au bunduki? Rafiki yangu wa wanyamapori anasema kamera mbili tu zikifungwa miti miwili ya njia ile zingemaliza ubishi, maana madoa ya kila chui ni yake peke yake kama alama za vidole. Nataka sana picha hiyo. Nataka kiasi kwamba siyaamini tena sana macho yangu kwenye ile picha ya kiberiti. Nimeitazama mara nyingi hadi ule mkunjo wa tatu umekuwa wazi kuliko siku niliyoupiga.

Namba ya rafiki nimempa shangazi. Uamuzi nimemwachia yeye, mwenye migomba.

Wiki iliyopita, usiku, simu ikaita.

"Sikiliza," akasema, bila salamu. Nikasikia anafungua dirisha, kisha mvua kwenye mabati, nzito. Nikaziba sikio la pili kwa kidole. Mbali kule perere alipiga ukelele wake, ule unaomfanya mgeni adhani mtu anachinjwa, akanyamaza. Mvua. Kisha kitu chini ya mvua, au mtandao unakwaruza.

"Umesikia?"

Mbwa mpya, bado mdogo, alikuwa analia humohumo jikoni.

"Shangazi," nikasema, "mwingize ndani mtoto wa mbwa, ufunge mlango."

"Yumo," akasema. "Tangu saa kumi na mbili yumo."